Depo ya habari na vyombo vya kazi: namna ya kulinganisha maandishi

Somo kwa wanafunzi wa seksio ya biashara, na kwa wote wenye kupenda kujifunza



Wengi kati yenu, kiisha kupata diploma, mutaingia kazi mu biro: ku banki, ku hospitali, ku kampuni ya telefoni, ku duka kubwa ya simenti na mabati. Zamani mwenye kuingia kazi alikuta mabuku mawili ao matatu juu ya meza. Leo anakuta ordinatere, na ndani yake programu ine ao tano, kila moja na listi yake ya watu na ya feza. Na mara mingi listi hizo hazipatane. Moja inasema mama fulani amelipa, ingine inasema angali na deni. Ipi inasema kweli? Na nani atatumwa kumudai yule mama?

Somo la leo ni juu ya kazi ile: kutoa habari mu depo moja kubwa na kuzipeleka mu vyombo vya kazi vya kila siku, kusudi vyote viseme neno moja.

1. DEPO YA HABARI NI NINI?

Depo ya vitu munaijua: magari yanatoka pande zote, yanashusha mizigo, karani anaandika, vitu vinapangwa kila kimoja fasi yake. Depo ya habari iko vile vile. Ni mahali pamoja mu ordinatere ambapo kampuni inakusanya maandishi yake yote: ya kuuzisha, ya malipo, ya wanunuzi, ya vitu vinavyobaki. Maandishi yanapangwa mu matablo. Kila tablo ina mistari na makolone, sawa buku ya prefe: kila mwanafunzi mustari wake, kisha makolone ya jina, ya kalasi, ya minervali.

Wenye kusoma hesabu za biashara watafahamu upesi. Mu jurnali tunaandika kila jambo siku linapotokea. Kisha tunahamisha ku buku kubwa, konti kwa konti. Vyombo vya kila siku viko sawa jurnali. Depo ya habari iko sawa buku kubwa: haiandikwe kwa kwanza, inalishwa na jurnali zote, lakini ni yenyewe njo inaonyesha hali yote kwa mara moja.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka wa 1970 Edgar Codd, mutu wa kampuni IBM, alionyesha namna ya kupanga habari mu matablo yenye kuunganika. Mwaka wa 1988 Barry Devlin na Paul Murphy, wao pia wa IBM, waliandika juu ya kukusanya habari za kampuni nzima mahali pamoja. Mwaka wa 1992 Bill Inmon wa Marekani alitoa kitabu kizima juu ya depo ya namna hii, na mwaka wa 1996 Ralph Kimball akatoa chake. Kisha, tangu miaka ya 2010, makampuni makubwa yalianza kukodisha depo hizo kwa njia ya intaneti: BigQuery ya Google, Redshift ya Amazon, na Snowflake. Mwenye kukodi hanunue mashini kubwa. Analipa kadiri anavyotumia.

2. SAFARI MBILI

Safari ya kwanza ni ya kuingia. Habari zinatoka ku vyombo, zinasafishwa, zinaingia mu depo. Kwa miaka mingi safari ilikuwa ile tu, na faida yake ilikuwa ripoti: mukubwa anafungua, anaona feza zimepanda ao zimeshuka, anafunga.

Lakini ripoti haifanye kazi. Mutu njo anafanya kazi, na yule mutu hafungue depo. Agenti mwenye kutembea mu mitaa anafungua fishi za wanunuzi mu telefoni yake. Karani wa mesaji anafungua programu ya mesaji. Mutunza feza anafungua programu ya hesabu. Kama jibu la kweli linalala mu depo, na wao wanaangalia listi ya juma lililopita, jibu lile halina faida.

Kwa hiyo kuko safari ya pili, ya kutoka: depo inarudisha habari zilizosafishwa mu vyombo vile vile vya kazi. Makampuni sawa Census na Hightouch yalizaliwa juu ya safari hii ya pili. Chombo kinachopokea kinaweza kuwa kikubwa, kama Salesforce, ambayo ilianzishwa mwaka wa 1999 kwa kutunza fishi za wanunuzi. Kinaweza tena kuwa kidogo, programu ya mesaji tu. Sheria za kazi ni zile zile.

3. MUFANO WETU: TAA ZA JUA

Tuseme kampuni moja inauzisha taa za jua kwa kulipa kidogo kidogo. Familia inapewa kibao cha jua, betri na taa tatu. Kila juma inalipa kwa telefoni, kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Ndani ya betri kuko kufuli: malipo yakifika, taa zinawaka, yasipofika, zinazimika.

Kampuni ile ina vyombo vine:
a) chombo cha malipo, chenye kupokea feza;
b) fishi za wanunuzi, zenye maagenti wanachukua mu telefoni;
c) chombo cha mesaji, chenye kukumbusha watu kulipa;
d) chombo cha kufuli, chenye kufungua na kufunga taa.

Depo inakusanya yote, inahesabu: mununuzi huyu amelipa ngapi, anabakiza ngapi, siku ngapi za mwangaza angali nazo. Kisha hesabu ile inapelekwa ku (b), ku (c) na ku (d).

Angalieni vizuri. Kosa la mustari moja mu tablo ni giza mu nyumba ya mutu aliyelipa. Mutoto wake hataweza kusoma usiku ule. Kesho agenti atapiga hodi kudai feza ambayo imekwisha kutolewa, na mwenye nyumba atapata haya mbele ya majirani. Mashini haina nia mbaya, lakini inabeba kosa upesi sana, kwa nyumba elfu moja kwa dakika moja. Njo sababu tunapashwa kufahamu mambo yanayofuata.

4. UFUNGUO: KILA MUTU ALAMA YAKE MOJA

Wakati depo inasema "mununuzi huyu amelipa", chombo kinapashwa kujua ni mununuzi gani. Kitamujua kwa nini?

Kwa jina? Hapana. Kwetu mutu ana jina, postnom na jina la ubatizo. Huku wameandika Bahati Amani, kule Amani Bahati, na mu mutaa ule ule kuko Bahati Amani watatu.

Kwa namba ya telefoni? Hapana vile vile. Namba moja inaandikwa kwa namna tatu: yenye kuanza na 0, yenye kuanza na 243, yenye kuanza na +243. Macho ya mutu yanaona ni moja. Mashini inaona ni tatu. Tena telefoni inapotea, inauzishwa, ao ni ya familia nzima.

Jibu munalijua hapa ku masomo: matrikule. Siku mununuzi anatia sahihi ku mapatano, anapewa namba moja. Namba ile haibadilike hata akihama, hata akigeuza telefoni. Haipewe mutu mwingine hata yeye akiacha. Inaandikwa mu vyombo vyote vine. Tunaiita ufunguo. Mu Salesforce, kwa mufano, mutu anaweza kutengeneza kolone maalumu ya namba iliyotoka inje, na programu inatafuta mustari kwa namba ile.

Mbele ya kupeleka kitu chochote, muulize depo maulizo mawili. Je, kuko mistari isiyo na ufunguo? Je, kuko ufunguo mumoja wenye kuonekana mara mbili? Kama jibu ni ndiyo, acheni kwanza, mutengeneze.

5. KUONGEZA, KUGEUZA, KUFUTA

Kanuni ya kwanza: "Kama ufunguo uko, geuza mustari, kama hauko, ongeza mustari." Anayeongeza tu, kila siku, atapata kila mununuzi mara salasini kwa mwezi mumoja.

Kanuni ya pili: peleka hali, hapana kupeleka mwendo. Kuko tofauti kubwa kati ya maneno haya mawili:
– "Punguza deni kwa franka 5000."
– "Deni sasa ni franka 15000."
Tuseme umeme unakatika mu biro kati ya kazi, na mashini inarudilia kutuma. Neno la kwanza likifika mara mbili, deni limepunguka franka 10000, na ni uwongo. Neno la pili likifika mara mbili, hata mara kumi, deni ni 15000 tu. Kazi nzuri ni ile inayoweza kurudiliwa bila kuharibu kitu.

Kanuni ya tatu inahusu kufuta, na hapa iko hatari. Mununuzi akitoka mu tablo ya depo, tumufute mu chombo pia? Wengine wanajibu ndiyo, kusudi chombo kifanane na depo kabisa, sawa kioo. Lakini siku moja safari ya kuingia inaweza kushindwa, na tablo ya depo inaamuka bila mustari hata moja. Mashini haishangae. Itafuta wanunuzi wote mu chombo. Kwa hiyo tunaweka kizuizi: kama kazi ya leo inataka kufuta ao kugeuza mistari mingi kupita kiasi tulichokata, tuseme moja ku kumi, isimame na iite mutu. Na mara mingi ni heri kuandika "ameacha" mu kolone kuliko kufuta mustari wote.

6. NI NANI BABA YA KOLONE?

Agenti amefika nyumbani kwa mununuzi, amepewa namba mupya ya telefoni, ameiandika mu fishi. Usiku depo inapeleka habari zake, na namba ya zamani inafunika ile mupya. Kesho agenti anaandika tena. Usiku inafutwa tena. Kiisha siku tatu agenti anaacha kuandika, na ana haki.

Dawa ni kupatana mbele, kolone kwa kolone. Kwa deni na siku za mwangaza, depo njo inatawala. Agenti asome tu. Kwa namba ya telefoni na njia ya kufika ku nyumba, fishi ya agenti njo inatawala. Depo ipokee, isiguse. Kolone isiyo na baba mumoja italeta ugomvi siku zote. Muandike mapatano hayo ku kartasi, wakubwa wa kila biro watie sahihi.

7. SAA, FEZA NA NAMNA YA KUANDIKA

Mambo haya yanaonekana madogo, lakini yanaharibu kazi mingi.

Saa. Inchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma ya Bukavu, Goma na Lubumbashi kwa saa moja. Mashini ya Bukavu imepeleka habari saa 14:00 na inakumbuka "14:00". Kiisha nusu saa, mutu wa Kinshasa analipa. Huko ni 13:30, na mashini ya huko inaandika 13:30. Safari inayofuata mashini ya Bukavu inauliza: "Nipe yote ya kiisha 14:00." Malipo ya 13:30 yanaachwa. Hayataonekana kesho, wala mwaka ujao. Dawa: vyombo vyote viandike saa moja ya dunia, inayoitwa UTC. Kinshasa inazidi saa ile kwa moja, Bukavu kwa mbili. Hapo malipo yataandikwa 12:30, na alama ya mashini itakuwa 12:00. Hakuna kinachopotea. Tena ni vizuri mashini irudi nyuma kidogo kila mara na kusoma upya saa moja iliyopita, kwa sababu tumesema kurudilia hakuharibu kitu.

Feza. Kwetu franka na dola vinatembea pamoja. Kolone yenye kuandikwa "20" bila kusema 20 ya nini ni mutego. Weka kolone mbili: hesabu, na aina ya feza.

Namba na tarehe. Mukono wetu ukiandika 1.500 unasema elfu moja na mia tano. Mashini mingi zinasoma moja na nusu. Tarehe 03/04 kwetu ni siku ya tatu ya mwezi wa ine. Kwa Wamarekani ni siku ya ine ya mwezi wa tatu. Muandike mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-04-03. Hapo hakuna anayedanganyika.

8. MULANGO MWEMBAMBA

Kila chombo kina mulango ambapo programu zingine zinapita. Wafundi wanauita API. Mulango haupokee watu wote mara moja. Ukituma maombi mingi kupita kiasi, unajibiwa kwa namba 429, maana yake: "Ni mingi mno, ngojea." Usipigepige mulango. Ngojea kidogo, ukikataliwa tena, ngojea mara mbili ya pale. Na tuma mistari kwa mafungu, hapana mumoja mumoja, kama chombo kinakubali.

Usitume tena yale ambayo hayakugeuka. Kama wanunuzi ni elfu kumi na waliolipa leo ni mia ine, mistari mia ine inatosha. Lakini alama ya "nimefika hapa" isisogezwe mpaka chombo kijibu kwamba kimepokea. Anayesogeza alama mbele ya kupata jibu, reso ikikatika, amepoteza mistari bila kujua.

Kuko tena mistari ambayo mulango unaikataa: namba ya telefoni ina tarakimu moja kidogo, ao tarehe haisomeke. Isitupwe. Iandikwe mu listi ya peke yake, pamoja na sababu, na mutu mumoja mwenye kujulikana aisome kila asubui. Listi ambayo kila mutu anaweza kuisoma, kwa kweli hakuna anayeisoma.

Na mara ngapi kwa siku? Angalia hitaji la mutu. Kufuli ya taa inataka upesi, tuseme kila dakika kumi na tano, kwa sababu mutu amelipa na anangojea mu giza. Fishi ya agenti, mara moja mbele hajatoka asubui. Ripoti ya mukubwa, mara moja kwa juma. Anayepeleka yote kila dakika anachokesha mashini na kulipa bure.

9. SIRI ZA WATU

Depo inajua mambo mingi: mutu anakaa wapi, analipa ngapi, ana deni gani. Chombo cha mesaji kinahitaji vitu vitatu tu: namba ya telefoni, jina la kuita, na siku ya kulipa. Basi kipewe vitatu hivyo. Kila kolone inayotoka bila lazima ni siri ya mutu inayotembea inje. Serikali yetu ilitoa Kodi ya mambo ya numeriki tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, na inalinda habari za watu. Lakini hata mbele ya sheria ile, mukristo anajua kwamba siri aliyopewa si mali yake. Na neno la siri la kupita mulango lisibandikwe ku ukuta wa biro.

10. NAMNA YA KUANZA KAZI

1) Andika kwa maneno mafupi: nani atatumia habari hii, na atafanya nini nayo. Kama hakuna jibu, usianze.
2) Chagua ufunguo, upime kama ni safi.
3) Andika tablo ndogo ya makolone: jina mu depo, jina mu chombo, na baba ya kolone.
4) Jaribu na mistari kumi. Fungua chombo mwenyewe, soma mustari kwa mustari kwa macho.
5) Weka vizuizi na mutu wa kuitwa.
6) Ndipo ufungue mulango kwa wote.
7) Kila mwezi chukua wanunuzi ishirini, linganisha depo na chombo na kartasi ya malipo.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, mustari wa 13, inakataza mufanya biashara kuchukua mu mufuko wake mawe ya kupimia ya namna mbili, kubwa na ndogo. Listi mbili zenye hesabu mbali mbali juu ya mutu mumoja ni mawe mawili mu mufuko mumoja, hata kama hakuna aliyetaka kuiba. Na mara mingi ni mwenye nguvu kidogo njo anapimwa kwa jiwe baya, kwa sababu yeye haone listi, na hana njia ya kuingia mu biro kusema: "Tazameni tena, nimelipa."

MAULIZO YA KUJIJARIBU

1. Eleza tofauti ya safari ya kuingia na safari ya kutoka.
2. Kwa nini jina na telefoni havifae kuwa ufunguo?
3. Programu inatuma "ongeza siku saba za mwangaza". Onyesha hatari, kisha andika neno lile kwa namna nzuri.
4. Mutu wa Kinshasa amelipa saa 18:10 ya huko. Andika saa ya Lubumbashi na saa ya UTC.
5. Ku masomo yetu, nani anapashwa kuwa baba ya kolone hizi: minervali iliyolipwa, pointi za hesabu, adresi ya wazazi? Toeni sababu, muzungumuze mu kalasi pamoja na mwalimu wenu.